Karakana au Darasa: Njia Mbili za Kumfundisha Muuzaji wa Samani Kutambua Mitindo ya Kale

Mwenye duka la samani anayetaka wauzaji wake waitambue mitindo ya kale na kuiuza kwa maneno ya kweli ana njia mbili za kuchagua. Ya kwanza ni darasa: picha ukutani, majina ya mitindo, majina ya wafalme, miaka, na mtihani mwishoni. Ya pili ni karakana: muuzaji hupelekwa kwa fundi seremala, akakaa naye wiki mbili au tatu, akashika mbao, akafungua viungo, akageuza makabati na masanduku juu chini mpaka macho na vidole vikazoea. Nimezitumia zote mbili katika miaka yangu ya kuuza samani Mombasa, na ulinganisho huu ninauandika kwa ajili ya anayetaka kujua aanze na ipi, kwa duka la aina gani.

Kwanza ni lazima tujue mtindo wa kale ni nini katika duka la pwani, kwa kuwa hapo ndipo mafunzo mengi hupotea tangu siku ya kwanza. Ndani ya duka moja hukutana samani za asili tatu. Ziko za Waswahili wenyewe, kama kiti cha enzi cha mpingo na kitanda cha kuwambwa kwa kamba. Ziko zilizoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, kama masanduku ya njumu za shaba, yaani mapambo yaliyopachikwa kwenye mbao, na samadari, aina ya vitanda, zilizotoka India. Tena ziko zenye majina ya Ulaya, ambazo siku hizi aghalabu ni mpya, zimepakwa rangi ya dhahabu, nazo huingia nchini kwa makontena. Muuzaji mmoja anatakiwa aziuze zote, na njia inayomfaa kwa kundi la tatu haimfai kwa mawili ya kwanza.

Darasa

Darasa lina nguvu pale ambapo mtindo una mfuatano wa miaka unaojulikana, na mitindo ya Ulaya ndivyo ilivyo. Nikianza somo huwaagiza wanafunzi waangalie mguu kwanza, ndipo wapande kwenye kiti na egemeo, kwa sababu mguu ndio unaobadilika waziwazi kutoka enzi moja hadi nyingine. Mguu unaoitwa wa Malkia Anne, aliyetawala Uingereza kuanzia 1702 hadi 1714, umepinda: goti limetoka nje, kifundo kimeingia ndani, na wayo ni wa mviringo usio na mapambo mengi. Baadaye wayo huo ukageuzwa kuwa kucha za ndege zilizokamata mpira, na wauzaji wengi wamezoea kuuita mguu wa Chippendale, ingawa kitabu cha michoro alichokichapisha fundi huyo London mwaka 1754 hakiuonyeshi mguu wa namna hiyo. Egemeo lenye umbo la ngao linahusishwa na Hepplewhite, fundi mwingine wa Uingereza. Egemeo la pembe nne, pamoja na mguu ulionyooka unaozidi kuwa mwembamba kuelekea sakafuni, linahusishwa na Sheraton, naye Mwingereza mchoraji wa samani. Zama za Malkia Victoria, kuanzia 1837 hadi 1901, ni ndefu na zimechanganya mengi, hivyo huwafundisha watambue springi chini ya kitambaa, vifungo vilivyozamishwa kwenye egemeo, na nakshi zilizojaa kila mahali.

Kwa upande wa Ufaransa mambo mawili yanatosha kuanzia, na muuzaji wa pwani anayahitaji kuliko anavyodhani. Mtindo wa Louis wa 15, aliyetawala kuanzia 1715 hadi 1774, una miguu iliyopinda, makombe ya baharini na majani ambayo upande wa kulia haufanani na wa kushoto. Mtindo wa Louis wa 16, aliyemfuata mpaka ufalme ulipoondolewa mwaka 1792, una miguu iliyonyooka yenye mifereji kama nguzo ndogo, na kila upande umelingana na mwenzake. Makochi mengi ya dhahabu yanayonunuliwa kwa ajili ya sebule za harusi yameiga mmoja kati ya mitindo hii. Familia moja iliwahi kununua kwetu kochi la miguu iliyopinda pamoja na meza ya miguu iliyonyooka, rangi ikiwa ileile na kitambaa kilekile, na siku ya pili mama wa bibi harusi akarudi akisema vitu vyake havisemezani. Hakujua majina ya wafalme wala hakuyahitaji. Jicho lake lilikuwa limeona kosa ambalo muuzaji alipaswa kuliona kabla ya kuandika risiti. Mafunzo ya alasiri mbili yangetosha kuliepusha.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya darasa: ni la haraka, halina gharama kubwa, na linaweza kurudiwa kila anapoajiriwa mtu mpya. Muuzaji hupata majina, na majina humpa namna ya kuzungumza na mteja aliyekuja na picha kwenye simu. Mpambaji wa hoteli anayehitaji viti arobaini vya aina moja hana haja ya kujua kiungo kimekatwa kwa msumeno gani; anataka aambiwe mara moja kwamba anachokiita "Victoria" kwa kweli ni Louis wa 15, na kwamba kiti hicho kitafuatana na meza hii wala si ile.

Upungufu wa darasa ni kwamba picha huonyesha uso wa samani peke yake. Niliwahi kuwa na kijana aliyepata alama za juu kuliko wenzake wote. Akiona sanduku la shaba hukutajia aina yake kabla hujamaliza kuuliza. Siku moja aliingia mzee wa Mji wa Kale, akasimama mbele ya sanduku lenye mabamba ya shaba yaliyokatwa kwa ustadi, na kijana akamweleza vizuri sana kwamba ni la Kishirazi na kwamba umri wake umepita miaka mia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta droo ya kati, mtoto wa sanduku kama wenyewe wanavyoiita, akaigeuza taratibu, akapitisha kidole chini yake. Sakafu ya droo ilikuwa plaiwudi, nayo imekazwa kwa skrubu za kichwa cha nyota, skrubu ambazo ziliingia sokoni miaka ya 1930. Akairudisha droo mahali pake, akashukuru, akaenda zake. Kosa halikuwa la kijana. Nilikuwa nimemfundisha kusoma jalada, sikumfundisha kufungua kitabu.

Karakana

Tangu siku hiyo nilianza kuwapeleka wauzaji kwa fundi kabla ya kuwapa karatasi yoyote yenye miaka. Fundi niliyemwendea ni mzee wa kazi, na somo lake la kwanza halina maneno mengi. Huweka droo mbili juu ya meza ya kazi, moja ya zamani na moja ya juzi, akamwambia mwanafunzi: "Funga macho, mwanangu, upitishe kiganja chini." Ubao uliopigwa randa ya mkono una mawimbi madogo ambayo macho hayayaoni lakini kiganja hakiyakosi, ubao wa mashine ni tambarare kama kioo. Akifungua macho huonyeshwa alama za msumeno: mistari iliyonyooka, isiyolingana nafasi, ni ya msumeno wa mkono, mistari ya nusu duara inayofuatana kwa usawa ni ya msumeno wa duara wa mashine, ambao ulienea katika karne ya 19. Kisha pembe za droo, pale meno ya ubao mmoja yanapoingia kwenye ubao mwingine. Meno yaliyokatwa kwa mkono hayalingani, na mara nyingi mstari mwembamba alioukwaruza fundi ili umwongoze bado uko palepale. Meno ya mashine yamefanana yote kama ya kitana.

Kuna somo jingine ambalo sijaona darasa likilifundisha vyema. Ubao husinyaa kwa upana wake kuliko kwa urefu wake, na hausimami miaka yote ya uhai wake. Meza ya duara iliyokaa muda mrefu haiwi duara kamili tena. Ukiipima kwa futi ya seremala utakuta kipimo cha upande mmoja kimepungua. Mguu uliokerezwa nao huelekea umbo la yai. Muuzaji aliyepima meza mbili kwa mikono yake mwenyewe, moja ya zamani na moja mpya, hatasahau, na siku mteja akimuuliza anajuaje kuwa meza ni ya zamani atachukua futi badala ya kutafuta maneno.

Kiti cha enzi ndicho kinachoonyesha tofauti ya njia hizi mbili kuliko samani nyingine yoyote. Darasani kiti hiki hueleweka kwa dakika tano: mpingo, egemeo refu lililonyooka, mikono bapa, pa kuwekea miguu, vipande vilivyosukwa kwa nyuzi kwenye egemeo na kikalio, na njumu za pembe au mfupa. Mwanafunzi ataandika hayo na atayakumbuka. Lakini karakanani atapewa kiti kinachotengenezwa upya na kuambiwa akifumue. Ataona kwamba vipande vyake vimeungana kwa ulimi na tundu, vikashikwa kwa vijiti vya mti, bila msumari. Ataona ubishi wa mpingo, jinsi patasi inavyopoteza makali na fundi anavyosimama kila mara kuinoa. Atasuka kipande kimoja cha egemeo, akikosea na kufumua, mpaka vidole viume. Huyo akirudi dukani hatamwomba mteja radhi kwa ajili ya bei. Nimewasikia wakieleza, nao hueleza kama watu waliokuwako.

Vivyo hivyo kwa kitanda. Wauzaji vijana wengi hujua "mguu wa kitanda" na "ubao wa pembeni", basi. Kwa fundi watajifunza tendegu (mguu), mfumbati (ubao wa pembeni) na kitakizo (ubao wa kichwani au miguuni), watajua upande wa mchago, yaani wa kichwa, ni upi, na watajua kwamba kitanda cha kamba huwambwa, hakifungwi. Haya si maneno ya kujipamba. Bibi anayeleta kitanda cha mama yake kitengenezwe, au anayetaka kukiuza, atazungumza kwa maneno hayo, na muuzaji asiyeyaelewa atakosa nusu ya habari anayopewa bure: tendegu lipi lilibadilishwa, mfumbati upi uliliwa na mchwa, nani alikereza nguzo mpya.

Masanduku nayo yanahitaji tahadhari. Wauzaji huyagawa kwa majina ya Kishirazi, Surat na Bombay, na darasa huyafundisha majina hayo kana kwamba ni vyeti vya kuzaliwa. Kwa desturi ya biashara, la Kishirazi ndilo lenye mabamba ya shaba ya kukatwa kwa nakshi nyingi. Hata hivyo jina ni la aina. Halithibitishi kwamba sanduku lilitengenezwa katika mji unaotajwa, na masanduku ya mtindo huohuo yameendelea kutengenezwa na mafundi wa pwani mpaka leo. Fundi wangu huwaambia wanafunzi wataje jina la aina mwishoni kabisa, baada ya kutaja mbao, kiungo, na hali ya misumari ya shaba, na mimi nakubaliana naye.

Karakana ina upungufu wake, nao si mdogo. Muuzaji akiwa kwa fundi hayuko dukani, na fundi lazima alipwe kwa muda wake. Fundi hujua vizuri anachokitengeneza, na pengine hajawahi kusikia habari za Hepplewhite. Tena mafunzo hutegemea kazi iliyopo wiki hiyo: aliyekuja wakati wa vitanda ataondoka hajagusa sanduku. Kuna na jambo zito zaidi. Karakanani mwanafunzi huona jinsi kitu kipya kinavyozeeshwa, kwa rangi, kwa chai kali, kwa kupigwa mnyororo ili kipate majeraha. Ni elimu anayoihitaji ili asidanganywe, lakini ni elimu hiyohiyo itakayomwezesha kudanganya. Kwa hiyo siwapeleki karakanani watu ambao sijawafahamu tabia, na siku ya kwanza baada ya kurudi huketi nao tukazungumza habari ya maneno mawili: "la kale" na "la mtindo wa kale".

Maneno ya kwenye risiti

Sanduku la kale limetengenezwa zamani. Sanduku la mtindo wa kale limeiga la zamani, na huenda limekamilika mwezi uliopita. Vyote viwili ni bidhaa halali na vyote vina wateja wake. Kazi mpya ya mpingo au ya bambakofi iliyofanywa na fundi hodari haina haja ya kujificha nyuma ya umri wa uongo. Uovu ni kulifuta neno "mtindo" wakati wa kuandika risiti. Hapa darasa na karakana vinasaidiana kwa namna ambayo sikuitarajia: aliyepita darasani tu hulifuta neno hilo kwa kutojua, na aliyepita karakanani tu huliandika lakini hushindwa kumweleza mteja ni mtindo upi na ulianza lini.

Sheria nazo ni za darasani, na hakuna fundi atakayezifundisha kwa ukamilifu. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ina ulinzi wake katika sheria hiyohiyo. Muuzaji anayemwambia mtalii kwamba mlango "una miaka mia na hamsini, nitakufungia uupande nao ndege" amesema jambo la hatari, liwe kweli au uongo. Mpingo wenyewe, pamoja na jamii yake yote, umewekwa tangu mwaka 2017 chini ya masharti ya kimataifa ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo usafirishaji wake una karatasi zake.

Halafu pembe. Mataifa yalikubaliana mwaka 1989 kuizuia biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na mwaka 2016 Kenya iliteketeza tani 105 za pembe katika mbuga ya Nairobi. Njumu za viti vipya leo ni za mfupa au plastiki. Njumu za kiti kikuukuu zaweza kuwa pembe, na muuzaji lazima ajue kabla duka halijakinunua. Sheria ataipata darasani, lakini jicho atalipata kwa fundi: mfupa una vitone na vijistari vidogo vyeusi, alama za mishipa iliyokuwamo, pembe ya ndovu haina vitone hivyo, na pale ilipokatwa kwa kukingama huonyesha mistari myembamba inayopishana kama wavu. Mimi hukataa kununua kiti chochote chenye shaka hiyo, hata kikiletwa na mtu ninayemheshimu, nami nawafundisha wauzaji kukataa kwa upole na bila kumtuhumu aliyekileta.

Ipi kwa duka lipi

Duka linalouza samani mpya za kuagiza, zenye majina ya Ulaya, lianze na darasa bila wasiwasi. Alasiri mbili za miguu, maegemeo na nakshi, na ya tatu ya kupanga vitu vinavyosemezana, zitaonekana katika mauzo upesi. Wauzaji hao nao wapelekwe karakanani siku mbili tatu, angalau wajue tofauti ya mbao nzima na mbao za vumbi zilizobandikwa ngozi ya mti juu, kwa sababu swali hilo wateja huuliza kila siku na jibu la kubahatisha hurudi dukani likiwa na mguu uliovunjika.

Duka linalonunua na kuuza vitu vya kale, hata kama ni vichache, lianze na karakana. Hapo sina shaka hata kidogo. Kosa la jina la mtindo hurekebishwa kwa mazungumzo; kosa la umri ni fedha iliyolipwa kwa plaiwudi, na wazee wa mji wakishaliona hawarudi, wala hawakwambii kwa nini.

Duka lililochanganya, kama letu, lina sababu ya kufanya yote mawili, ila utaratibu una maana. Nilipotanguliza darasa, wanafunzi walifika kwa fundi wakiwa na majibu tayari, wakawa wanatafuta katika mbao yale waliyoyakariri. Nilipotanguliza karakana walifika darasani na maswali: kwa nini mguu huu umepinda, nani aliuchora kwanza, ulifikaje huku. Kwa hiyo sasa ni wiki mbili kwa fundi, kisha darasa, kisha safari ya Lamu, ambako makumbusho ina viti vya enzi vya kweli na nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 inaonyesha vitanda vikiwa chumbani mwake, karibu na vidaka vya ukutani. Kuona kitu katika nafasi kilichotengenezewa humsaidia muuzaji kumshauri mteja mahali pa kukiweka, na ushauri huo ndio wanaourudia baadaye kuliko tarehe yoyote.

Mtihani wa mwisho huufanyia ghalani. Naweka mezani droo tatu zilizotolewa kwenye samani zake, na samani zenyewe nazifunika kwa shuka. Mwanafunzi ana dakika kumi za kuzishika, kuzinusa, kuzigeuza na kuzipima, kisha anaandika risiti tatu kwa mkono wake, kila moja ikiwa na neno "la kale" au "la mtindo wa kale", na chini yake sababu moja anayoweza kumwonyesha mteja kwa kidole. Ndipo tunafunua shuka.